Mstari wa Wino Mwekundu

Nilistaafu, nikaitwa tena.
"Bi. Kaveke," asema Mkuu, "sajili yote
iingie kwenye kompyuta kabla ya sherehe,
miaka sitini si mchezo."
Basi nimeketi stoo, chini ya mabati ya kwanza,
na madaftari manne yanayonuka panya na ubani.

Ukurasa wa kwanza: wasichana kumi na saba.
Jina. Dhehebu. Kazi ya baba:
reli, reli, mpishi, reli, marehemu, reli.
Kazi ya mama hakuna aliyeiuliza.

Hapakuwa na shule. Palikuwa na kanisa la Jericho
na ubao uliosimama nyuma ya altare.
Jumamosi jioni Padre Karanu aliufuta
kwa kanzu yake kuukuu.
Jumamosi moja akasahau,
na kesho yake mtaa mzima ukapokea Ekaristi
chini ya eksi kipeo cha pili,
wazee wakidhani ni Kilatini.

Akifa muumini, hesabu ilitoka nje na mabenchi,
jeneza likaingia.
Kengele ilikuwa kipande cha reli kutoka Makongeni.
Kilitokaje huko, usiniulize;
Padre mwenyewe hakuungama hadharani.

Kisha harambee. Kitabu cha michango ninacho hapa:
shilingi mbili;
jogoo mmoja, shilingi tano;
jogoo yuleyule, shilingi tisa;
jogoo yuleyule, amechoka sasa, kumi na moja na senti hamsini.
Na Mama Rispa Khavere, muuza maandazi, Ofafa:
bati moja.
Aliliandika jina lake kwa lami, upande wa ndani,
ili Mungu asilione, alisema, walione watoto.
Nikiinua kichwa, nalisoma.

Mawe yakafuata mabati.
Sista Domitila akatufundisha kemia bila kemikali:
ndimu, jivu, ua jekundu la uani,
na hofu.
Serikali ikaleta walimu na mishahara yao;
kanisa likabaki na msalaba, lango,
na neno la mwisho.

Nambari 212. Edina Khavere, kidato cha tatu.
Mstari mwekundu umepita katikati ya jina,
umenyooka, haukutetemeka popote.
Sababu ya kuondoka: *Nidhamu.*
Nidhamu hiyo ilizaliwa Pumwani mwezi wa Juni,
ikawa na uzito wa kilo tatu na robo.

Nambari 213 ni mimi.
Tulikuwa na kitabu kimoja cha logi, wawili;
baada ya Ijumaa ile kikawa changu chote.

Na mstari?
"Kaveke, wewe una mkono mtulivu," alisema Sista,
akanipa rula.

Mama yake alikuja mara moja tu.
Hakupaza sauti. Alisimama langoni,
akatazama juu, akayahesabu mabati kwa kidole,
akafika kwenye lake,
akaenda zake bila kulidai.

Siku hizi wanarudi. Sheria iko, lango liko wazi.
Mwaka jana msichana alifanya mtihani wa fizikia
huku nyanya akimbembeleza kitukuu
kivulini mwa maabara,
na mlinzi, mlinzi yuleyule mkali,
akimshikia chupa ya uji.
Nilipita na faili zangu mara nne
bila kuwa na la kufanya upande ule.

Sasa kompyuta inaniuliza: sababu ya kuondoka?
Inanipa orodha nichague.
Kuhitimu. Kuhama. Kifo. Nidhamu.
Naacha wazi: inakataa kuhifadhi.
Naandika *mimi*: inakataa.
Naandika *rula*: inakataa.
Ina adabu zake, kama Sista.

Mkuu anachungulia mlangoni, kadi za mwaliko mkononi,
askofu amethibitisha, mahema yamelipiwa.
"Umefika wapi, Bi. Kaveke?"

Mia mbili na kumi na moja, namjibu.
Kama jana.